Maji yanayohesabiwa kabla ya kufika

Bwana Mhariri,

Habari za maji nimezisoma miaka mingi nikanyamaza, lakini ripoti yenu ya juzi kuhusu upungufu nchini na hapa Pwani imenishinda. Mmechukua mahitaji, mkatoa maji ya vyanzo, mkaita jibu hilo upungufu. Kisha vyanzo vyetu vya Mzima, Baricho, Tiwi na Marere mkavipanga safu moja kana kwamba ni kitu kimoja. Maji ya Mzima hushuka kwa mteremko, bomba la takriban kilomita 220. Baricho na Tiwi ni pampu: stima ikikatika, maji hakuna. Mpango usiotenganisha hayo si mpango.

Halafu Bwawa la Mwache, kule Kwale. Limepangiwa kutoa mita za ujazo 186,000 kwa siku. Zikiingizwa kwenye mabomba yanayopoteza nusu, kwa kuvuja, wizi na mita mbovu, 93,000 zimekwenda. Basi pimeni kwanza kinachopotea. Uvujaji hupimwa kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wamelala na maji yanayoingia mengi ni ya kuvuja. Funga vali zote za mpaka wa mtaa, bakisha njia moja ya kuingilia yenye mita. Kabla ya kuiamini, ifunge nayo dakika chache huku geji ya presha ikiwa ndani ya mtaa: presha isiposhuka hadi sifuri, ipo vali inayopitisha au bomba lisilo kwenye ramani. Mtego wa Mombasa ni mgao. Maji yakifunguliwa, usiku ndio kila nyumba hujaza tangi la chini, na anayepima usiku huo atayaita matangi uvujaji. Mtaa upewe maji mfululizo siku kadhaa, matangi yajae, ndipo upimwe. Presha nayo iandikwe kando ya kila kipimo, maana bomba lile lile huvuja zaidi presha ikipanda. Mgao hauponyi uvujaji, huuficha tu.

Mita hudanganya pande zote mbili. Bomba tupu likianza kujaa, hewa husukumwa mbele ikazungusha mita. Mtaani kwetu nyumba imewahi kuletewa bili ya mwezi ambao mfereji ulikohoa tu, na karani akajibu kwamba mita haisemi uongo. Dawa ni vali ya kutoa hewa kila bomba linapopanda juu, na kulijaza polepole. Upande wa pili, boya la tangi likikaribia kufunga, maji huingia kwa matone na mita iliyochakaa haisogei. Bili za namna hiyo ndizo mnazogawa kwa watu 1,208,333 wa Mombasa kwa sensa ya 2019 mkapata "mahitaji". Anayefunguliwa maji mara mbili kwa wiki hutumia kidogo kwa sababu hana, na madumu anayonunua kwenye mkokoteni hamkuyahesabu!

Visima navyo hamkuvigusa. Kila ghorofa jipya linachimba chake, hatua chache kutoka shimo la choo, kwenye mawe ya matumbawe yanayopitisha kila kitu. Chini ya maji matamu kuna ya bahari. Pampu ikivuta kwa nguvu, chumvi hupanda, na kukipumzisha kisima wiki moja hakuiondoi. Kuipima ni kazi ya dakika moja, kwa kifaa cha mkononi kinachoonyesha maji yanavyopitisha umeme. Pimeni Machi, kabla ya masika. Juni kila kisima hujifanya kitamu.

Ombi langu: chagueni mtaa mmoja, Tudor au Kongowea. Kila mwezi chapisheni mistari minne: maji yaliyoingia, yaliyolipiwa, mtiririko wa saa tisa usiku na presha yake. Nafasi ikikosekana, wekeni kwenye ukurasa wa tanzia, huo husomwa na kila mtu.

Msomaji wenu,
Tudor, Mombasa