Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Shughuli, Ada na Suala la Koati Wawili

Waheshimiwa walezi wa chama chetu cha wapenzi wa koati, wanakamati wenzangu, ndugu wanachama mliofika, na nyinyi ambao hamkufika na mtaisoma taarifa hii kwenye simu,

Assalaam aleikum, na wenzetu Wakristo, Bwana asifiwe. Nashukuru Mwenyezi Mungu ametufikisha tena kwenye mkutano mkuu. Tuwakumbuke wanachama wetu wawili waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Mmoja wao ndiye aliyetuchorea nembo tunayoitumia hadi leo, yenye picha ya koati, yule mnyama wa Amerika mwenye pua ndefu na mkia mrefu.

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo nitazipita haraka. Mikutano ya robo mwaka ilifanyika, isipokuwa ule ulioangukia Ramadhani. Ziara ya bustani ya wanyama ya Haller Park kule Bamburi ilikwenda salama. Mashindano ya kuchora yalileta michoro mingi kuliko mwaka jana, na ya watoto ilikuwa mizuri kuliko ya watu wazima. Usiku wa filamu tuliwaonyesha watoto Encanto, ile ya mwaka 2021 inayosimulia ukoo mmoja wa Kolombia, na wanyama wa Antonio, mtoto mmoja wa ukoo huo, walipotokea, watoto waliwataja koati kwa jina kabla sijawafundisha. Hilo lilinifurahisha sana.

Mazungumzo ya shuleni niliyafanya mimi mwenyewe, kwa nauli yangu, na sijadai chama hata shilingi moja. Nasema hivi kwa sababu imesemwa mahali kwamba mwenyekiti hafanyi kitu. Watoto wa huku wakiona picha ya koati husema ni nguchiro, na hawako mbali sana, maana hata Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, alipompa koati jina la kisayansi mwaka 1766 alimweka kundi moja na ngawa. Baadaye ndipo ikathibitika kwamba ni jamaa wa rakuni, yule mnyama wa Amerika mwenye weusi kama barakoa machoni. Lakini rakuni ni mnyama wa usiku, na koati hutembea mchana kweupe, mkia umesimama juu, pua ndefu ikipinda huku na huku kutafuta wadudu kwenye majani makavu. Majike na watoto huenda kwa kundi, na dume mzima huishi peke yake. Zamani wataalamu walidhani dume huyo mpweke ni spishi nyingine kabisa. Mtini hushuka kichwa chini, kwa kuwa kifundo cha mguu wake wa nyuma huweza kugeuka. Niliwaona kwa macho yangu Brazili enzi za ubaharia, na tangu siku hiyo hakuna mnyama mwingine aliyenishika moyo namna ile.

Wamaya walimjua na kumheshimu tangu kale. Katika Popol Vuh, masimulizi ya Wakiche wa Guatemala, shujaa Hunahpu anapokatwa kichwa na popo kule kuzimu, koati ndiye anayeleta boga la kushika nafasi ya kichwa hicho. Nimewasimulia wanafunzi kisa hiki katika kila shule niliyokwenda, na walimu wameniomba nirudi. Pia niliandika barua kwa niaba ya chama kupendekeza koati apewe emoji yake, kwa sababu rakuni aliipata mwaka 2018 na koati mpaka leo hana. Majibu bado.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo.

Kama mnavyokumbuka, mwanachama wetu mmoja anayefanya kazi Ghuba alituletea habari kwamba mfanyabiashara wa wanyama kule ana koati wawili, dume na jike, na yuko tayari kuwasafirisha hadi Mombasa. Kundi la wasapu likawaka moto. Zikatolewa ahadi za shilingi 180,000. Zilizofika mkononi mwa Bi. Mweka Hazina ni 38,500, kutoka kwa watu tisa. Mwenzetu wa Mtwapa akajitolea banda lake la kuku. Nikatakiwa kusaini barua ya maombi, na nikakataa. Fedha zikarudishwa: watu saba wamepokea zao zote, wawili wameomba zao ziingie mfuko mkuu, na stakabadhi zipo mezani kwa anayetaka kuziona.

Kwa uamuzi huo nimeitwa dikteta. Nimeambiwa nina wivu, eti nataka nibaki mtu pekee chamani aliyewahi kumwona koati. Nimeumia, sifichi, lakini niko tayari kujibu hoja moja baada ya nyingine.

Nianze na utaratibu. Niliitisha kikao cha dharura. Katiba yetu inataka theluthi moja ya wanachama ndipo akidi itimie, yaani watu 24. Walikuja 11. Nikasubiri saa nzima na zaidi, hakuja mwingine. Mfanyabiashara alikuwa ametupa hadi mwisho wa wiki. Katiba inairuhusu kamati tendaji kuamua jambo la dharura akidi isipotimia, na wanakamati wanne kati ya saba tulikubaliana kukataa. Kumbukumbu za kikao zimeandikwa na kusainiwa. Wale wanaosema hawakushirikishwa walialikwa kama wengine, na alama mbili za bluu zilionekana kwenye ujumbe wangu.

Kuhusu sheria, huwezi kushusha mnyamapori wa kigeni bandarini au uwanja wa ndege wa nchi hii kama unashusha mtumba. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inadai kibali, na idara ya mifugo nayo ina masharti yake. Mfanyabiashara yule niliyemuuliza kwa maandishi koati hao wamezaliwa wapi, alinijibu kwa kunitumia picha nyingine zaidi. Kama wamezaliwa kizuizini, karatasi ziko wapi? Na kama wamenaswa porini Amerika ya Kusini, basi kuna kundi huko lililopokonywa mama, na chama cha wapenzi wa koati kitakuwa ndicho kilicholipia. Mimi sisaini kitu kama hicho.

Tena wapo waliosema kwamba Ulaya watu wanafuga koati sebuleni, wakatuma na video. Ndugu zangu, koati wa Amerika ya Kusini aliwekwa mwaka 2016 kwenye orodha ya kwanza ya spishi vamizi ya Umoja wa Ulaya. Waliokuwa naye tayari waliruhusiwa kubaki naye mpaka afe, kwa sharti kwamba asizae wala asitoroke. Kumwingiza, kumuuza na kumzalisha ni marufuku. Sababu mojawapo iko kisiwani Mallorca, ambako koati waliotoroka au kutupwa na wenyewe walizaliana katika milima ya Tramuntana. Kisiwani Robinson Crusoe, upande wa Chile, waliletwa kwa makusudi wakamalize panya. Wakawageukia ndege wa bahari wanaotaga ardhini, wakala mayai na makinda.

Na sisi watu wa pwani hatuhitaji kusafiri hadi Chile kuambiwa haya. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ale taka za mjini, na kufikia 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Leo hakuna kiota cha ndege mdogo kilicho salama mbele yake, na mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja. Koati hula matunda, wadudu, mijusi na mayai, hupanda mti na huogelea. Mimba ya jike ni kama siku 77, na anaweza kuzaa hadi watoto saba. Mtwapa ina miembe, ina minazi, ina jalala. Ninampenda mno mnyama huyu hata nisitake siku moja atangazwe adui wa Pwani kwa sababu yetu.

Halafu kuna hali ya koati mwenyewe, ambayo katika kelele zote zile hakuna aliyeiuliza. Koati mchanga ni mpole, analala mapajani, ndiyo hizo video. Dume akifika kama miaka miwili anabadilika. Porini huu ndio umri anaoondoka kundini, na ndani ya nyumba hana pa kwenda, basi anauma. Chonge zake ni ndefu na kali kama wembe. Pale Iguaçu, mpakani mwa Brazili na Argentina, koati waliozoeshwa vyakula vya watalii huwanyang'anya watu mikoba na kuwajeruhi, mpaka hifadhi imeweka mabango yenye picha za mikono iliyoraruliwa na kukataza kabisa kuwalisha. Makosa si ya koati. Na jike aliyeumbwa kuishi na wenzake kumi, ishirini, unamfungia banda la kuku na dume mmoja ambaye porini angemkubali karibu yake msimu wa kujamiiana tu. Hayo siyo mapenzi ya wanyama ambayo chama hiki kiliundwa kuyaeneza.

Mwisho wa hoja zangu ni fedha. Koati anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 14 au zaidi. Anahitaji nyama, mayai, matunda, daktari wa wanyama anayemjua, na kinga dhidi ya kichaa cha mbwa na distempa, ugonjwa mwingine wa mbwa. Chama kisichoweza kukusanya ada ya mwaka mmoja kitamlisha nani kwa miaka 14?

Na hapo nazungumzia ada. Tuko wanachama 72. Ada ni shilingi 1,200 kwa mwaka, yaani mia moja kwa mwezi. Waliolipa kamili ni 29, waliolipa nusu 12, na ambao hawajatoa chochote ni 31. Tumekusanya 42,000 na tunadai 44,400. Ukumbi ulichukua 14,000, nauli na chakula cha Haller Park 11,500, uchapishaji 6,200, makato ya benki na simu 1,900, jumla 33,600. Zilizobaki, tukijumlisha na 5,150 za mwaka uliotangulia, ni 13,550, bila kuhesabu michango ya wale wawili, ambayo Bi. Mweka Hazina ataieleza peke yake. Sitataja majina. Ila nasikitika kusema kwamba miongoni mwa hao 31 wamo walioahidi elfu tano na elfu kumi kwa ajili ya koati ndani ya dakika chache, na miongoni mwa waliopiga kelele zaidi dhidi ya kamati, wachache mno wamelipa.

Mahudhurio nayo yananivunja moyo. Kikao cha robo ya pili walikuja 14. Cha robo ya tatu walikuja tisa, na wawili wakaondoka kabla ya chai. Siku ya mhadhara wangu kuhusu koati wa milimani wa Andes, ambao mwaka 2009 watafiti walipendekeza kuwa ni spishi mbili, ya Venezuela ikitengwa na ile ya Kolombia na Ekuado, nilikuwa nimeandaa picha kwa wiki nzima. Waliokuja walikuwa wachache kuliko viti vya safu ya kwanza. Wanachama wa Ulaya na Ghuba nawaelewa, wako mbali. Lakini wa Kisauni, Likoni na Changamwe? Kundi la wasapu si mkutano mkuu. Maneno ya huko hayawezi kutengua uamuzi wa kamati, na naomba Katibu aliweke hilo kwenye kumbukumbu.

Kwa mwaka ujao, Inshallah, tunatumaini kuandaa kijitabu cha Kiswahili kuhusu koati na jamaa zake kwa ajili ya shule, fedha zikiruhusu. Tunafikiria pia ziara ya kwenda Nairobi, na wenzetu wa Tanga wameonyesha nia ya kufungua tawi. Mwanachama wetu aliyeko Uingereza ameahidi kuona kama bustani moja ya wanyama kule inaweza kuturuhusu kuchangia chakula cha koati walionao, nasi tupelekewe picha na habari zao. Hilo kwangu lingekuwa bora mara mia kuliko banda la Mtwapa, kwa sababu koati hao tayari wapo, wana wenzao na wana daktari.

Naishukuru kamati, hasa wale wanne waliosimama nami. Namshukuru Bi. Mweka Hazina aliyerudisha fedha za watu bila upungufu huku akitukanwa. Na mwenzetu wa Mtwapa namshukuru kwa dhati, kwa sababu alitoa alichonacho kwa nia njema. Namwomba asijiuzulu kama alivyotangaza, banda lake linaweza kutufaa kwa maonyesho ya michoro ya watoto.

Ajenda ya tano ni hoja ya kutokuwa na imani na mwenyekiti. Nitakiacha kiti kwa makamu ili ijadiliwe kwa uhuru. Kwa mujibu wa katiba, anayepiga kura ni mwanachama aliyelipa ada kamili. Bi. Mweka Hazina yuko meza ya mlangoni na kitabu cha stakabadhi, naye atapokea malipo mpaka ajenda ya nne itakapokwisha.

Mwenyekiti
Mombasa