Barua kwa mwanangu, askari huko Remanzacco, Italia

Marahaba, mwanangu.

Picha yako ya kofia yenye unyoya mweusi imefika. Shangazi yako ameishaisambaza Malindi nzima, hata muuza mahamri anaijua. Umependeza, mashaallah. Lakini mpiga picha amekukata magotini, nami nataka kujua: wamekupa viatu gani?

Usicheke. Wewe ndiye uliyenitumia historia ya rejimenti yenu ya 3 ya mizinga ya milimani, ukidhani nitasoma habari za nishani tu. Nimeisoma yote, ijapokuwa Kiitaliano changu cha hotelini hakina maneno ya vita. Oktoba 1940 waliingia Ugiriki kutoka Albania na divisheni yao ya milimani, Julia, wakapenya milima ya Pindus, na haikupita muda wakazingirwa. Mvua, tope, kisha theluji ya Albania, watu wakakatwa miguu kwa baridi. Ungetaraji wakubwa wao watie akilini. Wapi! Mwaka 1942 wakawapakia treni kwenda Urusi, pamoja na nyumbu wao na mizinga ya milimita 75 inayofunguliwa vipande ili wanyama waibebe. Waliambiwa ni milima ya Caucasus. Wakapangwa kando ya mto Don, tambarare tupu. Mizinga yenyewe ya kiwanda cha Škoda, muundo wa Waaustria wa tangu vita vya kwanza vya dunia! Januari 1943 wakarudi kwa miguu, wamevaa buti zenye misumari kwenye soli, na msumari huingiza baridi hadi kwenye nyayo. Wanajeshi wa milimani waliokwenda, zaidi ya nusu hawakurudi. Ndugu wa babu yako alikuwa mmoja wao. Bibi yako wa Udine hakuwahi kunisimulia alivyokufa. Alinisimulia viatu.

Ndiyo maana nauliza.

Utaniambia sasa mna malori, nyumbu wa mwisho walipigwa mnada Belluno mwaka 1993. Sawa. Lori halikuvalii soksi.

Na mizinga hiyo ya milimani ilishafika upande wetu huu pia. Adwa, Ethiopia, tarehe 1 Machi 1896, watu wa mfalme Menelik waliiteka yote. Waitaliano wakarudi tena Ethiopia, na Februari 1936 pale mlima Amba Aradam mizinga yao ikarusha makombora ya arsini, sumu inayoingia kwa pumzi. Si rejimenti yako, najua. Ila mkianza kuimba ushujaa huko kantini, wewe mwana wa Malindi usiimbe kama asiyejua.

Nilikwambia usome uhandisi, hukusikia. Mkaidi kama baba yako. Na aliyekubali uende kwake ukiwa mdogo vile ni nani, hilo tusilifungue leo. Swala usiache. Pesa usikopeshe wenzio. Soksi za sufu, jozi mbili kila siku, na ukiona kidole kimekufa ganzi usijitie mwanamume, nenda kwa daktari. Wakikuambia mnapelekwa mahali, uliza hali ya hewa kwanza.

Mdogo wako amefaulu, anataka simu, nimemwambia angoje. Tangi linavuja tena. Makuti ya jikoni yameoza, fundi ametaja bei ya kunitoa roho nami nimemfukuza, ila mvua za Aprili hazingoji, itabidi nimwite. Usitume pesa ya fundi kabla hujanunua buti za maana, hata kama za jeshi ni za bure.

Mamako