Barua kwa somo yangu aliyeko Ohio

Saint Paul, Minnesota
Jumapili, 9 Machi 2025

Somo yangu mpendwa,

Assalamu alaykum. Mimi ni mzima, hofu ni kwako na hiyo baridi ya Ohio. Huku leo saa zimesogezwa mbele, kwa hiyo jana tulifuturu saa kumi na mbili na dakika kumi, leo tumengoja hadi saa moja na dakika kumi. Nimekula tende na sambusa za jirani yangu Msomali, nimeswali, ndipo nikakaa kukujibu. Ujumbe wako wa Ijumaa, wa mafunzo kazini na wa kusoma Takwimu kiangazi hiki kwa wiki sita kwenye chuo cha jamii (vile vyuo vya miaka miwili vya ada nafuu), umeninyima usingizi.

Nimefurahi mno kwamba umepata nafasi ya mafunzo kazini kwenye ile maabara ya udongo. Mwaka wa kwanza tu! Lakini hapo ulipoandika kwamba bosi amekuambia uanze kwenda wiki ya kwanza ya Mei, "uzoee mazingira", kabla karatasi hazijakamilika, moyo ulinipasuka. Somo, usiende. Hata siku moja, hata kama hawakulipi, mpaka I-20 mpya, ile fomu ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, iwe mkononi mwako.

Kibali chenyewe cha kufanya kazi ya mafunzo ukiwa bado unasoma kinaitwa CPT. Kinatoka hapo hapo chuoni, ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Wanataka uwe umesoma mwaka mzima wa masomo. Wewe uliingia Agosti, muhula huu ukiisha umetimiza. Sharti jingine ndilo wengi hawalisikii vizuri: kazi lazima iwe sehemu ya masomo yako. Ndiyo maana vyuo vingi vinakutaka ujisajili kwa krediti (vile vipimo vya masomo unavyovilipia ada) za mafunzo hayo. Kwa hiyo krediti unayoiona kama mzigo wa ada ndiyo inayokufungulia mlango wa kufanya kazi. Ukishapewa, ukurasa wa pili wa I-20 utaandikwa jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Kama umeandikiwa 19 Mei nawe ukaingia kazini tarehe 12, hizo siku saba ni kazi bila kibali, na visa yako ya masomo iko hatarini. Bosi wako hana ubaya, hazijui tu sheria zetu. Yeye anaona binti mwenye bidii. Mwambie kwa upole kwamba utafika siku iliyoandikwa.

Sasa hili la kusoma Takwimu chuo cha jamii. Nakuelewa kabisa. Ada ni nafuu, shahada ni krediti 120, kila 3 unazozipunguza ni nafuu kwa mjomba anayekulipia. Nami niliwaza vivyo hivyo mwaka 2023. Nilijisajili Takwimu chuo kimoja cha jamii karibu na nilipokuwa nikikaa, wiki nane, Jumatatu hadi Alhamisi. Nilikuwa napanda basi saa moja asubuhi, natoka darasani naenda maktaba, narudi jioni. Nikapata A. Nikatuma transkripti, ile karatasi ya matokeo, chuoni kwangu, nikakaa nasubiri kwa furaha.

Jibu lilikuja Septemba. Krediti 3 zimepokelewa, lakini kama somo huru, siyo badala ya Takwimu inayotakiwa kwenye shahada yangu, kwa sababu ile ya kwetu imejengwa juu ya kalkulasi (hisabati ya kupima mabadiliko) na ile niliyosoma haikuwa hivyo. Ile A haikuingia hata kwenye GPA, ule wastani wa alama, maana vyuo vingi hupokea krediti vikaacha alama. Nikaisoma Takwimu upya muhula uliofuata, na ada nikalipa mara ya pili. Baba alikuwa ametuma sehemu ya hela hiyo kutoka Tanga. Sikumwambia mpaka leo, na hilo bado linaniuma.

Kosa langu lilikuwa dogo sana: nilimuuliza mshauri wa masomo kwa mdomo, mlangoni, akasema "nadhani itafaa". Kumbe kuna fomu. Unaambatanisha silabasi ya somo la kule, idara yako inalinganisha, inasaini, na unabaki na nakala. Usilipe hata dola moja kabla hujaipata hiyo saini. Uliza pia alama ya chini wanayoikubali. Wengi wanataka C.

Halafu pima na nguvu zako. Krediti 1 huhesabiwa takriban saa 45 za kazi, darasani na nje ya darasa. Somo la krediti 3 ni saa 135. Kwenye muhula wa wiki 15 ni saa 9 kwa wiki, unapumua. Hilo lako la wiki sita ni zaidi ya saa 22 kwa wiki, juu ya maabara ya siku nzima. Ukiugua siku tatu umekosa kama wiki nzima ya muhula wa kawaida. Mimi ningekushauri uchague kimoja kiangazi hiki, na ningechagua maabara.

Nikuambie kwa nini. Mwaka jana nilikaa wiki kumi kwenye maabara ya maji. Mshauri aliniuliza kama nataka kujisajili krediti 3 au 1, nikashtuka, sikujua kwamba chuo chetu kinaruhusu 1 kwa CPT. Nikachukua 1, nikalipa ada ya hiyo 1 tu, na mshahara wa wiki ya kwanza ukairudisha kiasi kikubwa. (Uliza na wewe. Hakuna atakayekuambia usipouliza.) Tulisaini makubaliano watatu, mimi, msimamizi na mwalimu, tukaandika nitajifunza nini hasa. Kila Ijumaa nilipeleka maelezo ya wiki, na mwisho ripoti.

Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kupima klorini, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji. Unatia mililita 10 za maji ya bomba kwenye kichupa, unamwaga unga wa DPD, kemikali inayobadilika rangi ikikutana na klorini, unatikisa, na maji yanageuka waridi pale pale, kama juisi ya rozela iliyotiwa maji mengi. Unakiingiza kwenye mashine, unasoma namba. Sheria ya Marekani inataka klorini isizidi miligramu 4 kwa lita. Siku ya pili nilisoma namba tatu kwa mpigo nikitaka kuziandika baadaye, msimamizi akanishika mkono, akamwaga vichupa vyote vitatu, tukaanza upya: soma moja, andika moja, kwa kalamu ya wino. Kemia hiyo nilikuwa nimeisoma darasani, lakini namna ile ya kuwajibika kwa maji wanayokunywa watu nimeipata pale. Na yule msimamizi ndiye ameniandikia barua ya kuombea kazi.

Kitu kimoja tu uhesabu: CPT ya kutwa ikifika miezi 12, unapoteza OPT, ile miezi 12 ya kufanya kazi baada ya kuhitimu. Kiangazi kimoja hakikufikishi huko, ila tunza hesabu.

Kwa hiyo kesho Jumatatu nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni na barua ya mwajiri. Iwe na tarehe, saa za kazi kwa wiki na anwani. Halafu nitumie ile silabasi ya Takwimu, niilinganishe na ya kwetu nione kama kuna kalkulasi ndani. Nitakupigia Jumamosi baada ya tarawehe, usilale mapema.

Nisalimie wote hapo, na ukizungumza na mama mwambie ile khanga aliyonipa ndiyo ninayoswalia.

Wasalaam,
Somo yako