Chipsi zikinyonya mafuta tusisingizie mbegu tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu tunaolima viazi mviringo huku Njombe, wa heka nzima na wa matuta mawili nyuma ya nyumba. Kila siku wakaanga chipsi wanalalamika eti viazi vya siku hizi vinanyonya mafuta, vinalegea, vingine vinakuwa vyeusi nje na ndani bado, halafu lawama zote wanatupiwa wenye mbegu. Mbegu ina mchango wake sikatai, ila mbegu ya aina ya Arka hiyohiyo ikitunzwa inatoa chipsi kavu na ikiharakishwa inatoa uji.

Shida kubwa ni kuvuna viazi vichanga. Bei ikipanda tu mtu huyo shambani na jembe, majani bado ya kijani, ukisugua kiazi kwa kidole ganda lote linatoka, hapo kimejaa maji na wanga haujakaa vizuri, ukikikaanga maji yanatoka mafuta yanaingia, na sukari yake inafanya kiungue haraka. Kateni majani, subirini kama wiki 2 ganda lishike ndo mchimbe.

Halafu mbolea ya urea. Ukiiweka mwishoni mwishoni shamba linapendeza kweli, wapita njia wanasifia, kumbe chini kiazi kinachelewa kukomaa. Na jua kali likifuatiwa na mvua ghafla (au bustani umeimwagilia leo ukaisahau mpaka udongo ukapasuka) viazi vinaota vinundu, vikubwa vinakuwa na uwazi katikati.

Baridi yetu ya Juni na Julai nayo ni ya kuangalia, stoo ikishuka chini ya nyuzi 8 wanga unageuka sukari, chipsi zinakuwa nyeusi hata kama ulivuna vizuri. Friji ndo usiseme.

Kupima ni rahisi. Vikombe 11 vya maji, kikombe 1 cha chumvi, koroga iyeyuke, tumbukiza kiazi. Kikizama kaanga au ponda, wanga upo. Kikielea kipikie mchuzi, hakimeguki ovyo.

Na nyie wanunuzi mnaokuja na malori, mkifungua gunia mkakuta ganda linatoka kwa kidole msichukue hata kwa bei ya chini, maana mkulima anavuna vichanga kwa sababu anajua mtanunua tu.

Mkulima wa viazi,
Njombe