Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ukumbi wa Mlangoni wa Beit el-Ras

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum. Michango ya mwaka huu imekusanywa vizuri na hesabu zake atazisoma mweka hazina. Naomba ruhusa yenu taarifa yangu niielekeze kwenye jambo lililotushughulisha kuliko yote, nalo ni ukumbi wa mlangoni wa jumba la Beit el-Ras, hapa Unguja.

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alianza kulijenga jumba hilo la shamba, kaskazini ya mji wa Zanzibar, mwaka 1847, baada ya jumba lake la Mtoni kuwa dogo kwa wingi wa watu wake, naye akafariki mwaka 1856 kabla halijamalizika. Mrithi wake hakuliendeleza. Mwanzoni mwa karne ya 20 mawe yake mengi yalichukuliwa kujengea reli ya Bububu, na baadaye kiwanja kikawa cha skuli na chuo cha ualimu. Kilichosalia ni mahali pa kuingilia tu: ngazi upande mmoja, na matao makubwa pande tatu nyengine. Unapanda ngazi kama mgeni aliyealikwa, na ukifika juu nyumba hakuna.

Katika ziara yetu ya Februari nilipitisha kiganja kwenye nguzo ya tao mojawapo, chokaa ikanitoka mkononi kama unga. Kando yake palikuwa na ufa uliozibwa kwa saruji siku za nyuma. Saruji ilikuwa nzima. Lililomung'unyika ni jiwe lililoizunguka. Mafundi wa zamani walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu, ukuta ambao hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa jua likiwaka. Saruji huyafungia maji hayo ndani pamoja na chumvi, na jiwe likawa ndilo linalolika. Aliyeziba ufa ule alikusudia wema, sina shaka, lakini ukuta umeumia.

Wapo wanachama waliopendekeza jumba zima lijengwe upya. Mimi siungi mkono, kwa sababu tutakuwa tunajenga jumba ambalo Sayyid Said mwenyewe hakuliona likikamilika, na matao ya asili yatapotea ndani ya kuta zetu mpya. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ila majumba ya mashamba yako nje ya mpaka wake, na ndiyo maana macho yetu yanahitajika zaidi huku.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe mambo mawili. Kwanza, tuwaandikie wenye dhamana ya mambo ya kale tupate kibali kabla mtu yeyote hajagusa ukuta. Pili, sehemu ya akiba yetu itumike kununua chokaa mapema, izimwe kwa maji na kukaa shimoni miezi kadhaa, ili saruji ile itolewe taratibu na ufa uzibwe kabla ya masika yajayo.