Mwanangu, kitoe hicho kisu kwenye boksi

Mwanangu,

Ama baada ya salamu, sisi huku Temeke hatujambo. Mama yako kifua kimemwachia, mdogo wako yuko kwenye mitihani na hataki kutumwa dukani. Nakuandikia kwa sababu jambo letu kwenye simu halimaliziki: mama yako anadakia, wewe unacheka, salio linakata. Uliniuliza, "Baba, nikitumie au nikiweke?" Nikakujibu kwa neno moja, ukasema nimejibu kama muuza bucha. Sasa nakujibu kwa kirefu, ingawa muuza bucha ni yule yule.

Umedunduliza mshahara wa hoteli mpaka ukaagiza kisu cha Kijapani cha laki sita. Hela hiyo kwa mtu wa kazi yangu ni mbuzi wawili wa maana, kwa hiyo usidhani nalichukulia jambo lako kimzaha. Kimefika, umekifungua, umekitazama, umekirudisha kwenye boksi lake, na boksi umelipandisha juu ya kabati la nguo huko Kigamboni. Kazini unaendelea kukatia visu vya hoteli, ambavyo kila mtu anavilalamikia na hakuna anayevinoa. Wiki iliyopita umejikata kidole kwa kisu butu, maana kisu butu unakikandamiza, kinateleza, kinakwenda kisikotakiwa. Na laki sita ziko juu ya kabati.

Mama yako yuko upande wa kuweka, na simbezi. Seti yake ya vikombe vyenye ukingo wa dhahabu mnaijua tangu mko wadogo, na hakuna kati yenu aliyewahi kunywea chai humo. Hata mimi. Mgeni wa vikombe vile bado hajafika. Lakini nimpe haki yake: leo viko vile vile vilivyotoka dukani. Kikombe ni udongo uliochomwa, ukikiacha kabatini hakikudai kitu. Chuma kinadai, na chuma cha kisu chako kinadai kuliko vingine.

Uliniambia ni chuma cha kaboni, aogami, kile kinachotoka mji wa Yasugi huko Japani. Nimekisoma, maana siku hizi na wazee tuna simu. Chuma kisichoshika kutu, hiki cha vijiko na uma, kinatakiwa kiwe na kromu angalau asilimia 10.5. Chako kina kiduchu tu, hakifikii hata asilimia moja. Ndiyo maana kinapokea makali ya ajabu, na ndiyo maana kinapokea kutu bila kubembelezwa. Halafu umekipeleka Kigamboni! Huko bati la nyumba linaanza wekundu kabla fundi hajalipwa salio lake. Hewa ya chumvi haibishi hodi. Boksi la karatasi linanyonya unyevu wote wa masika, na ala ya ngozi uliyosema unataka kukinunulia ni mbaya zaidi, kwa sababu ngozi inashika maji na ina mabaki ya dawa iliyotengenezewa. Kisu cha kazini kinafutwa kila siku, kikiota doa la kutu asubuhi, mchana umeshaliona. Kile cha kwenye boksi kutu inajichimbia vishimo kwa raha zake, na makali yakishaingia vishimo, kuyarudisha ni kukila kisu chenyewe kwenye jiwe.

Ukija nyumbani kitazame kisu changu cha mpini mweusi, kile mnachokatazwa kugusa. Kilipokuwa kipya bapa lake lilikuwa pana vidole vitatu. Sasa limebaki kidole na nusu. Tumbo limeliwa lote na jiwe, na karibu na mpini pamebaki kipande kipana ambapo jiwe halifiki, ndipo unapoona kisu kilivyokuwa zamani. Mpini umepasuka, nimeufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na mpira nao umeshachukua umbo la vidole vyangu. Rangi yake ni nyeusi ya kijivu kuanzia mgongoni, makali tu ndiyo meupe. Ng'ombe wa machinjio ya Vingunguti waliopita chini yake sijawahesabu. Ada zenu za shule zilitoka hapo. Mtu wa vitu vya zamani hawezi kunipa hata elfu tano, na mimi simuuzii.

Chako nacho kitabadilika rangi, nakuambia mapema usije ukanipigia simu usiku. Siku ya kwanza ukikikatia kitunguu na ndimu kitaota mawingu ya buluu na kijivu. Usiyasugue kwa steeliwaya. Rangi ile ni kutu ya namna nyingine, iliyokaza, na inasaidia kidogo kuizuia ile nyekundu. Nyekundu ndiyo ya kuondoa siku hiyo hiyo.

Kuna jambo nimelisoma nikafurahi peke yangu bucha nzima. Kisu cha umbo kama la chako, gyuto, ni kisu cha nyama ya ng'ombe. Japani mwaka 675 mfalme wao Tenmu alipiga marufuku kula ng'ombe na wanyama wengine kadhaa katika miezi ya kilimo, na kwa karne nyingi baada ya hapo nyama ya ng'ombe ikawa kitu cha kuliwa kwa kujificha. Mwaka 1872 Mfalme Meiji akaila hadharani. Hapo jikoni zao zikaanza kuhitaji kisu cha nyama, wakatazama visu vya Wazungu wakafua cha kwao. Mwaka 1876 serikali ikakataza watu kutembea na panga za vita kiunoni, wafuaji wengi wakakosa kazi, baadhi yao wakageukia visu vya jikoni. Kwa hiyo ndugu zake hicho kisu ni watu wa bucha na wahunzi waliokuwa wanatafuta riziki. Na ukisema kimetoka mji wa Sakai, basi huko anayekifua ni mmoja, anayekitia makali ni mwingine, anayefunga mpini ni mwingine tena. Yule wa makali kazi yake haionekani kwenye boksi hata ukimulika tochi. Umemlipa, na hujaiona.

Viko visu vya kuweka, sikatai. Mtu akirithi jambia la babu yake lenye ala ya fedha, aliweke, hakuna atakayelikatia mchicha. Na kama nia yako ni kukiuza baadaye, usikiguse kabisa, kipake mafuta ukifungie, kwa sababu kikishaonja jiwe bei inashuka. Lakini hukuniambia unafungua biashara ya visu. Uliniambia umechoka kukata nyanya zikapondeka.

Halafu, binti yangu, nikuambie ninachokiona. Naona hofu yako hasa ni wenzako wa jikoni, kutu ni kisingizio. Unajua siku utakapokiweka mezani kuna mmoja atakitumia kufungulia kopo la nyanya, mwingine atavunjia paja la kuku, wa tatu atakitumbukiza kwenye sinki la maji ya sabuni na kwenda zake kuvuta sigara. Hofu hiyo ni ya haki. Visu vya Kijerumani mnavyotumia ugumu wake huwa 56 mpaka 58 kwa kipimo cha Rockwell, chako kimezidi 60. Chuma laini kikigonga mfupa kinajikunja, unakinyoosha. Chuma kigumu kinameguka jino, na jino lililomeguka halirudi. Kwa hiyo hicho hakikati mfupa, hakikati kitu kilichoganda kwenye friza, hakipasui nazi, na hakipindwi ndani ya boga kubwa kikishakwama. Nunua na kingine Kariakoo, cha bei ya chini, kiwe cha shida hizo. Nacho ndicho cha kuazimisha.

Bucha yetu kila mtu ana kisu chake, na ukikuta cha mwenzio mezani unakipita. Kijana mgeni hufundishwa hilo kabla hajafundishwa kutofautisha steki na sarara. Hakuna anayeliita ubahili. Nenda kaseme hivyo hivyo hotelini, siku ya kwanza, mbele ya wote, kwa tabasamu: hiki chukueni, hiki hapana. Watanuna wiki moja. Wewe umelelewa kugawa hata kipande cha muhogo, ndiyo maana unaona vigumu, na ndiyo maana umeona bora kukificha.

Kunoa sasa. Hapa nikikuandikia yote barua haitaisha, ila machache siwezi kuyaacha. Yule fundi anayepita mtaani na baiskeli ya kunolea namheshimu sana, mapanga na mikasi mpelekee. Hiki usimpe. Jiwe lake linazunguka kavu, linatoa cheche, na ncha ya makali ni nyembamba mno, inashika moto kabla mkono haujahisi. Chuma cha namna hii kinapofuliwa, kikishapozwa kwenye maji au mafuta kinapashwa tena moto mdogo, kama nyuzi 150 hadi 200 za Selsiasi, ili kisimeguke ovyo. Kikizidishiwa moto kuliko huo kinalegea, na ukiona makali yamegeuka buluu ujue yamefika karibu nyuzi 300, hapo umebaki na kisu cha laki sita kinachokata kama cha elfu sita. Tumia jiwe la maji, namba 1000 kwanza, kisha 3000 au zaidi. Lilowekwe kama ni la kulowekwa. Laza kisu, inua mgongo kidogo, pembe ya nyuzi kama 15, usibane pumzi, usikimbize. Noa upande mmoja mpaka ukipitisha kidole gumba kutoka bapani kwenda nje usikie chuma kimejikunja kidogo upande wa pili, urefu wote, toka kisigino hadi ncha. Wengi wanageuza kabla hapo hapajafika, ndiyo maana visu vyao vina makali katikati tu. Ule ufito wa chuma wa kunyooshea makali, wenye mistari, waachie wenye visu vya Kijerumani.

Na kila baada ya kazi: maji kidogo, kitambaa kikavu, basi. Ukisafiri siku kadhaa kipake mafuta mepesi yasiyoganda wala kuchacha. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi, nimekwisha yabandua kwenye visu vya watu.

Unajua sisi tunaochinja tumeamrishwa na Mtume (s.a.w.) kukinoa kisu na kumstarehesha mnyama. Kila Idd el-Hajj naletewa kisu kizuri kutoka kwenye kabati la mtu, kinang'aa, na mwenyewe anajivunia hakijawahi kutumika. Ninakijaribu kwenye kucha, kinateleza, namrudishia kwa adabu na kuchukua changu cha mpira wa tyubu. Methali inasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kipya haikukitaja.

Mama yako amesoma mpaka hapa juu ya bega langu na anasema nimekutisha bure, kwamba ungekifunga kwa nailoni na vile vidonge vya nafta vya kabatini kisingeshika kutu. Inawezekana. Mjibu wewe uso kwa uso ukija, mimi nimeshindwa.

Jumapili njoo nacho. Nitatenga sarara ya ng'ombe wa asubuhi, nzima, haijaguswa, na wewe ndiye utakayeisafisha ule utando mweupe, maana kwenye utando ndipo kisu kinajulikana. Jiwe lako lilete pia, langu limeshapinda katikati. Ukipanda daladala kifunge kwenye taulo kavu, ukiweke chini kabisa ya begi, na abiria mwenzio akikuuliza umebeba nini mwambie vyombo. Usimwonyeshe mtu kwenye gari hata kama anakuja kuposa.

Ni mimi baba yako.