Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Sirinji, Uji na Lugha za Nairobi

Ndugu wanachama, wataalamu wenzangu wa tiba ya usemi na lugha, pamoja na wanafunzi mliojiunga nasi mwaka huu, hamjambo.

Kwa niaba ya kamati kuu nawaletea taarifa ya kazi za mwaka. Mambo ya fedha yamo katika taarifa ya mweka hazina, kwa hiyo sitayarudia. Nitajikita katika jambo ambalo vikundi kazi vyetu vyote vililikuta, kila kimoja kwa njia yake. Vipimo vingi tunavyotumia kliniki vilitungwa kwa chakula na lugha za watu wengine. Tukivitumia Nairobi jinsi vilivyo, vinatupa majibu yasiyo ya kweli, na anayeumia ni mgonjwa.

Kumeza

Kikundi cha kumeza ndicho kilichokuwa na kazi nyingi, nami nitakipa nafasi inayokistahili. Tumekubaliana kwamba wanachama wote waandike kwa viwango vya IDDSI, yaani mfumo wa kimataifa wa kupanga uzito wa vinywaji na ulaini wa vyakula kwa wenye shida ya kumeza. Viwango hivyo ni 8, kuanzia 0 hadi 7. Tunaachana na maneno kama "mzito kiasi" ambayo kila muuguzi huyaelewa kivyake. Mtu aliyepata kiharusi akienda nyumbani na karatasi inayosema "apewe uji mzito" anaweza kunywa uji wa namna tatu kwa siku moja: wa asubuhi aliopika binti yake, wa mchana aliopika jirani, na ule wa jioni uliolala kwenye themosi.

Kipimo hakina gharama kubwa. Chukua sirinji ya mililita 10 isiyo na sindano. Toa pistoni, ziba tundu la chini kwa kidole, jaza hadi alama ya 10. Achilia kidole kwa sekunde 10 kamili, ziba tena, usome kilichobaki. Ikibaki chini ya mililita 1, hicho ni kiwango 0, sawa na maji. Kati ya 1 na 4 ni kiwango 1, kati ya 4 na 8 ni kiwango 2, na zaidi ya 8 ni kiwango 3. Kisipotiririka kabisa umefika kiwango 4, na hapo unahamia kwenye uma na kijiko.

Makosa huanzia kwenye sirinji yenyewe. Kipimo kilitungwa kwa sirinji ambayo umbali kutoka alama ya 0 hadi ya 10 ni milimita 61.5. Sirinji za madukani hazilingani: nyingine ni fupi na nene, nyingine ni ndefu na nyembamba, na uji uleule utapata kiwango tofauti katika kila moja. Pima kwa rula kabla ya kununua pakiti nzima. Kosa la pili ni madonge. Donge dogo likikaa kwenye tundu, uji mwepesi utaonekana wa kiwango 3, na mgonjwa atapewa kitu asichokiweza huku karatasi ikisema yuko salama. Chuja kwanza.

La tatu ni joto. Uji wa unga wa mahindi au wimbi huongezeka uzito unapopoa, kwa hiyo kuupima ukitoka jikoni hakusaidii ikiwa mgonjwa ataunywa ukiwa vuguvugu. Upime ukiwa na joto lile atakalounywea. La nne husahaulika zaidi, nalo ni mate. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Kijiko kikitoka mdomoni kikarudi kikombeni mara kadhaa, uji uliopimwa vizuri huwa mwepesi kabla haujaisha, na mgonjwa anapaliwa katika vijiko vya mwisho huku mlishaji akishangaa kilichobadilika. Dawa yake ni kumimina kidogo kidogo katika kikombe cha pembeni, na kijiko cha mdomoni kisiguse sufuria. Familia zinazoongeza unga wa kimea ili uji uwe na nguvu zielezwe pia kwamba kimea kinafanya kazi ileile ya mate. Poda za kuongeza uzito zinazotokana na gamu haziathiriwi hivyo na mate, lakini huagizwa kutoka nje na wengi hawazimudu.

Kwa vyakula vya kutafuna, kipimo ni ukubwa na ulaini. Kiwango 6 kinataka vipande visivyozidi milimita 15 kwa mtu mzima na 8 kwa mtoto. Ukikandamiza kipande kwa uma hadi ukucha wa kidole gumba uwe mweupe, kinapaswa kupondeka na kisirudi umbo lake. Kiwango 5 kinataka punje za milimita 4 kwa mtu mzima, ambao ndio upana wa nafasi kati ya meno ya uma wa kawaida, na milimita 2 kwa mtoto.

Sasa weka githeri mbele ya kanuni hizo. Maharagwe yanaweza kupondeka vizuri, lakini ganda la punje ya mahindi halipondeki hata likichemka siku nzima, na mchuzi unatangulia kooni wakati vitu vigumu bado viko mdomoni. Kwa mwenye shida ya kumeza, githeri ni hatari, na haitoshi kumwambia mlezi "mpikie laini". Mukimo wa viazi uliopondwa vizuri unafaa, mradi usiwe na punje za mahindi wala nyuzi za majani ya malenge. Ugali unapondeka kwa uma lakini mkavu hung'ang'ania kaakaa, kwa hiyo jibu lake limo katika mchuzi. Sukuma wiki ikatwe kwa kukingama na nyuzi, iive kabisa.

Niseme jambo ambalo baadhi yenu hawakulipenda kwenye warsha, lakini nalisimamia. Kuongeza uzito wa kinywaji hakuponyi kumeza. Joanne Robbins na wenzake nchini Marekani, katika utafiti uliochapishwa 2008, walilinganisha kuinamisha kidevu na kunywa vinywaji vilivyoongezwa uzito kwa wagonjwa wa Parkinson na wa kupoteza kumbukumbu. Hawakupata tofauti ya wazi katika nimonia. Vinywaji vizito vina gharama yake: watu huvichoka, wakanywa kidogo, wakakaukiwa na maji mwilini. Kabla ya kumwandikia mtu kiwango 2 kwa miezi, tujiulize kama amepewa mazoezi, kama ameketi wima, na kama kinywa chake kinapigwa mswaki kila siku. Kinywa kichafu hupeleka bakteria kwenye mapafu pamoja na kila tone linalopotea njia. Wala kutokohoa si ushahidi wa usalama. Wapo ambao chakula huingia kwenye njia ya hewa bila kikohozi hata kimoja, na hao huonekana tu kwa eksirei ya kumeza au kamera ya puani.

Kaakaa lililopasuka

Kikundi hiki kimefanya kazi ndogo kwa kurasa, kubwa kwa matumizi. Baada ya kaakaa kushonwa, tunataka kujua kama hewa bado inavuja puani mtoto anapotamka p, b, t, d, k, g, s na sh. Tunahitaji sentensi zenye sauti hizo ambazo hazina m wala n hata moja, kwa sababu tunapima kwa kioo kinachowekwa chini ya pua, na sauti za puani zikiingia, kioo kitapata ukungu kihalali na hutajua ulichopima.

Hapa ndipo tafsiri za haraka ziliposhindwa. Kiswahili kimejaa m na n mahali usipoziangalia. "Baba anapika chapati" inaonekana safi, kumbe kiambishi cha wakati "na" kimekwisha iharibu. "Mtoto" inaanza na m. Majina kama ndizi, mbuzi na nyumba yote yanaanzia puani. Kikundi kilibadilisha wakati na kuchagua majina upya: "Baba alipika chapati." "Dada alikata keki." "Kaka Sadiki alifika Kisii saa sita." Kwa upande wa pili, kujua kama pua imeziba, "Mama anamnunulia Amina ndimu" inatosha.

Kioo kiwe baridi. Kiwekwe chini ya pua mtoto akiwa ameshaanza kusema, na kiondolewe kabla hajavuta pumzi, la sivyo utapima kupumua kwa kawaida. Mtoto anayebana sauti kooni badala ya kutamka k au t amejenga mazoea ambayo upasuaji peke yake hauyaondoi. Anahitaji kufundishwa mahali pa sauti. Kupuliza puto na mirija hakumfundishi hilo, na ningependa tuache kuwapa wazazi kazi hiyo.

Lugha za mtoto wa Nairobi

Mtoto wa Kayole anaweza kuzungumza Kikamba na nyanya yake, Kiswahili na mama, Sheng na kaka zake, na Kiingereza na mwalimu. Ukimpima kwa Kiingereza peke yake utamwona amechelewa. Kanuni tuliyoipitisha ni kuhesabu maneno ya lugha zote pamoja. Mwenye "maji" kwa Kiswahili na "dhiang'" kwa Kijaluo ana dhana mbili, za maji na ng'ombe, hata kama hajui jina la ng'ombe kwa Kiswahili. Asiyefikisha maneno 50 kwa lugha zote, au asiyeunganisha maneno mawili, akiwa na miezi 24, ndiye wa kufuatiliwa, na hatua ya kwanza ni kupimwa usikivu.

Urefu wa sentensi nao usihesabiwe kwa maneno. "Sitakupikia" ni neno moja lenye vipande 6: si-ta-ku-pik-i-a. Anayehesabu maneno atampa mtoto huyo alama 1. Wala kukosekana kwa kiambishi cha mwanzo si kasoro moja kwa moja. Kamil Ud Deen, aliyechunguza jinsi watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili na kuchapisha kazi yake 2005, alionyesha kwamba hata watu wazima wa jiji hili hukidondosha. Mtoto anayesema "takupa" amesema alivyosikia.

Matamshi ni vilevile. Kubadilishana l na r kwa mtoto wa Kikuyu, "samba" badala ya "shamba" kwa Mjaluo, na b badala ya p kwa mtoto wa Kisomali kule Eastleigh ni alama za lugha ya kwanza. Tusizitibu. Mkalimani wa familia aelezwe mapema aseme yaleyale mtoto aliyosema, kwa sababu jamaa kwa upendo hunyoosha makosa na kukupa sentensi safi ambayo mtoto hakuisema. Na kuwaambia wazazi waache lugha ya nyumbani ili mtoto aongee haraka hakuna msingi wowote katika utafiti. Kunamnyang'anya mtoto nyanya yake.

Tunazo data za Kiswahili za Nazneen Gangji na wenzake, za watoto wa Dar es Salaam, zilizochapishwa 2015. Tunayo pia orodha ya maneno ya watoto wadogo ya Kiswahili na Kigiriama iliyoandaliwa Kilifi na Katie Alcock na wenzake, ambapo mzazi huhojiwa ana kwa ana, kwa hiyo hata asiyesoma anashiriki. Zitumieni, mkikumbuka kwamba si za Nairobi.

Ulimi kukatwa

Bado wazazi wanaletewa ushauri kwamba mtoto haongei kwa sababu ulimi umefungwa, au kwamba kimeo kikatwe. Wapeni hoja hii, inaeleweka mara moja: mama, baba na papa hutamkwa kwa midomo. Utepe chini ya ulimi unaweza kusumbua ncha ya ulimi katika l, r au t, na kunyonya kwa mtoto mchanga. Mtoto wa miaka 3 asiyesema hata "mama" hazuiwi na utepe. Miezi inayopotea akisubiri kukatwa ndiyo ambayo angepimwa masikio.

Mengineyo

Kwa watoto wasiotumia usemi, kazi ya Joseph Gona, Karen Bunning na wenzao huko Kilifi imeonyesha kwamba walezi wanaweza kutumia vitu na picha nyumbani. Anzeni na kikombe na sufuria za nyumba hiyohiyo, si michoro ya jiko la ugenini.

Walimu ambao sauti zao zimekwaruza kwa zaidi ya wiki 3 wapelekwe kwanza kwa daktari wa koo. Zoezi la kuimba kupitia mrija uliozama sentimita 2 hivi ndani ya maji lije baada ya hapo. Ushirikiano na vituo vya EARC, vinavyopima watoto wenye mahitaji maalumu ya elimu, umekwenda polepole. Tatizo kubwa ni ripoti zetu, ambazo ni ndefu na hazimwambii mwalimu afanye nini Jumatatu asubuhi. Kamati imeandaa fomu ya ukurasa mmoja.

Mwaka ujao kikundi cha kumeza kitapima uji wa wimbi, wa mahindi na wa mchanganyiko, katika joto tatu, kabla na baada ya kijiko kutoka mdomoni na kurudi kikombeni, ili tuwe na jedwali letu. Ili majibu yalinganishike lazima sirinji ziwe za umbo moja. Siku ya mkutano mkuu kutakuwa na meza karibu na mlango yenye rula na karatasi. Kila mwanachama alete sirinji anazotumia kliniki, azipime hapo, aandike milimita na jina la mtengenezaji kabla ya kuketi.